Kila Mtaa na Wakala Wake

Vidole vya Fundi vilimgeuka wakati ana kazi nyingi kuliko wakati wowote. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike, na chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba yake: mashine mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo cha wateja kujitazamia, na kamba ya nguo zilizokwisha, kila moja imebanwa karatasi ya vipimo. Asubuhi moja aliamka akashindwa kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe. Viungo vilikuwa vimevimba, vya moto, vigumu kama vijiti vya kuni. Alidhani ni uchovu. Miezi ikapita, akawa hashiki mkasi bila machozi kumlenga, na nguo za watu zikalala mezani zimekatwa nusu.

Hospitali walimwambia ni ugonjwa wa viungo, hauponi kwa mara moja, ahudhurie kliniki. Alihudhuria kidogo, akachoka kukaa kwenye benchi kutwa nzima kwa ajili ya vidonge ambavyo havikumfikisha hata jioni.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu mpole mno. Watu walimtania kwamba ukimwambia ukuta mweupe ni mweusi, yeye atakuuliza tu upakwe mikono mingapi ya rangi. Dada yake, yaani wifi yake Fundi, alikuwa kinyume kabisa. Huyo alishauza viatu vya mitumba, ndoo za plastiki na mafuta ya nywele, na kila biashara aliingia kwa kelele akatoka kimyakimya. Ndipo akapata uwakala wa Nyoosha.

Nyoosha ulikuwa unga wa kahawia kwenye kopo jeupe. Kijiko kimoja asubuhi, maji ya moto, basi. Ilisemekana ni mizizi na magome ya miti ya mlimani; mlima gani, hakuna aliyeutaja. Haukuuzwa dukani. Uligawiwa na mawakala, kila mtaa na wakala wake, na kila wakala alikuwa na rangi yake ya kibandiko juu ya kifuniko. Wakala aliyethubutu kumuuzia mteja wa mtaa mwingine alinyang'anywa kazi. Rangi ya Wifi ilikuwa zambarau.

Siku aliyokuja na kopo la kwanza, Wifi alilitua mezani katikati ya vipande vya kitambaa kama mtu anayeleta mahari.

"Watu wa mitaa ya mbali wananililia hii kitu," alisema, "na wewe wa nyumbani umekaa unalia na vidole. Unataka watu wanielewe vipi?"

"Ina nini ndani?" Fundi aliuliza.

"Ina kupona."

Fundi akanywa. Kabla ya wiki kwisha alikuwa anatunga uzi sindanoni bila kumwita mtu. Maumivu yalimtoka kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Alishona mchana kutwa, akamaliza viporo vyote, akaanza kupokea kazi mpya. Hamu ya kula ikamjia, uso ukajaa, mashavu yakawa mviringo.

"Fundi, umenawiri," wateja walimwambia. "Huyo mume anakulisha nini?"

"Ananilisha maneno yake machache," alijibu, nao wakacheka.

Alichokuwa hawaonyeshi ni mikono yake. Ngozi ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kukatia mitindo. Akigusa tu ukingo wa meza, doa jeusi linatokea na kukaa. Akaanza kuvaa mikono mirefu. Mama mkwe wake naye, aliyekuwa akiishi kwa Wifi na kuugua magoti, alikuwa kwenye unga huohuo. Bibi huyo alipenda kuja kukaa chumbani kwa Fundi, akiokota pini sakafuni kwa sumaku na kusimulia mambo ya watu waliokwisha kufa, na sasa alikuja kwa miguu yake bila fimbo. Fundi alipomwona anavyotembea, aliona doa la mkononi si kitu.

Ikafika siku wakubwa wa kampuni walitaka kuja mtaani. Wifi alikuwa na tamaa ya kupandishwa, aache kuwa wakala, awe msambazaji mwenye mawakala chini yake. Kwa hiyo akakodi ukumbi, akaenda kwa Fundi na maneno tayari.

"Utapanda jukwaani useme ulikuwa hutembei, unabebwa mgongoni. Hospitali walikurudisha nyumbani ukafie. Na mumeo alikuwa ameshatafuta mwanamke mwingine."

Fundi aliacha kukanyaga mashine. "Hilo la mume umelitoa wapi?"

"Linawaliza watu."

"Wifi, mimi niliumwa vidole. Nitasema vidole vilipinda, nikanywa, vikanyooka. Hiyo ndiyo kweli."

"Vidole havijazi ukumbi."

"Basi usijae."

Wifi alimtazama, akatabasamu, akajifunga vizuri mtandio wake. "Haina neno, wifi yangu. Sikulazimishi." Akaondoka bila kugombana, na hilo ndilo lililopaswa kumtia Fundi hofu, maana wifi yake hakuwa mtu wa kuondoka bila kugombana.

Kopo lilipokaribia kwisha, Fundi alienda kuchukua jingine kama kawaida. Wifi alimpokea sebuleni, maboksi yamepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha.

"Mzigo haujaja," alisema.

"Na haya?"

"Haya yana wenyewe."

Fundi alirudi tena na tena. Mara mzigo haujaja, mara umekuja umekwisha, mara Wifi hayupo ilhali viatu vyake viko mlangoni. Akiwa njiani kurudi alipishana na jirani yake, mama mwenye genge la mboga, amebeba kopo lenye kibandiko cha zambarau. Jirani alimsalimia kwa furaha. Fundi akaitikia, akapita.

Akajaribu mtaa wa pili. Wakala wa huko alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kibanda cha vifuniko vya simu. Alilipokea kopo tupu la Fundi, akaligeuza, akasoma kifuniko.

"Wewe wa zambarau. Mimi kijani."

"Ugonjwa hauna rangi, kaka yangu."

"Ugonjwa hauna. Kopo linayo." Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kwa hiyo akaenda kwenye ghala la kampuni. Lilikuwa jengo refu la bati pembeni mwa barabara ya malori, lenye dirisha moja la nondo, na nyuma ya nondo karani akichokonoa meno. Harufu ya unga ilimfikia Fundi akiwa bado uani, na mate yakamjaa mdomoni kama mwenye njaa.

"Mama, sisi hatuuzi. Sisi tunagawa," karani alimwambia. "Nenda kwa wakala wako."

"Wakala wangu amenikatalia."

"Mmegombana?"

"Ni wifi yangu."

Karani akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. "Hayo sasa ni ya kifamilia, mama. Kampuni haiingilii ya kifamilia." Akafunga kidirisha, si kwa hasira, ni saa yake ya chakula tu.

Wakati huo Fundi alikuwa hana unga kabisa. Kwanza vidole vilirudi kuuma, na alitegemea hivyo. Ambacho hakukitegemea ni mengine yaliyofuata. Aliinuka kitandani, dunia ikazunguka. Chakula kikakataa kukaa tumboni. Miguu ikawa si yake. Kutoka chumbani hadi mashineni alijishikilia ukuta. Alitoka jasho la baridi mchana wa jua kali. Hayakuwa maumivu tu, alikuwa kama mtu anayemwagwa, polepole, na hajui tundu liko wapi.

Mumewe alimtazama asubuhi moja akiwa amelala mkekani kwa sababu godoro lilikuwa mbali, akaweka brashi zake chini, akaenda kwa dada yake. Alirudi akasimama mlangoni, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Anasema dawa ipo."

"Najua ipo."

"Anasema useme tu yale maneno. Ni machache, mke wangu. Ukumbi ni keshokutwa."

"Na lile la wewe kutafuta mwanamke mwingine?"

Mume akatazama sakafu. "Mimi sijali."

Fundi alifumba macho. Alitaka kumwuliza kama kuna kitu chochote duniani anachokijali, lakini hakuwa na nguvu ya swali refu namna ile. "Mwambie nitasema," akamjibu. "Alete kopo."

Wifi alikuja mwenyewe kuhakikisha, na hakuleta kopo. Alichuchumaa kando ya mkeka, akampangusa Fundi jasho kwa ncha ya mtandio wake.

"Nikikupa leo, kesho utaamka umenyooka. Utapanda jukwaani unatembea, nani atakuamini? Vumilia kidogo. Utainywa mbele yao."

"Wifi, nakufa."

"Hufi. Mimi ndiye ninayeijua dawa hii."

Basi siku ya ukumbi, mpaka rangi alimbeba mkewe mgongoni, kweli kabisa, kama uongo ulivyotaka. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wakubwa wa kampuni walikaa mbele kwenye viti vya vitambaa vyeupe, na mama mkwe akaketishwa pembeni yao avutie macho na magoti yake. Fundi akakalishwa jukwaani kwenye kiti, kichwa kinamlalia begani. Wifi akashika kipaza sauti.

"Huyu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu wa damu. Mnamjua wote, ndiye anayewashonea. Wifi, waambie."

Fundi alifungua mdomo. Alichosema ni kwamba anaomba maji.

"Anasema alikuwa hatembei," Wifi aliwafikishia watu. "Anasema hospitali walimkatia tamaa. Akapata Nyoosha, akasimama. Halafu akafanya ukaidi, akaiacha. Nyinyi wenyewe mnamwona." Akakoroga kikombe mbele yao, akakishika kwenye midomo ya Fundi. "Sasa atazameni."

Fundi akanywa, kwa pupa, yakamwagikia kifuani. Watu wakatulia kuona atakavyoinuka. Akatapika yote, juu ya gauni lake na viatu vya Wifi, macho yakapanda juu, akaanguka kutoka kitini kama nguo inayodondoka kwenye kamba.

Na hapo ndipo Wifi alipojionyesha kuwa ni mtu wa biashara hasa. Hakuinama. Aliinua kipaza sauti.

"Mmeona," alisema, sauti imeshuka, nzito. "Mmeona kinachompata anayeacha. Mimi sina la kuongeza. Makopo yako pale mlangoni, na mzigo wa mwezi huu ni huo tu."

Watu wakainuka wote kwa pamoja. Mpaka rangi alikuwa amemnyanyua mkewe mikononi anatafuta njia ya kutoka, na njia ilikuwa ni ule mlango mmoja wenye meza ya makopo. Aliomba, "Jamani, nipisheni, nina mgonjwa," nao wakamjibu kwamba hapa kila mtu ana mgonjwa. Mama wa genge la mboga alimsukuma kwa kiwiko bila hata kumtazama. Alipata kutoka baada ya makopo kwisha.

Hospitali walimlaza Fundi kwa maji ya mishipa na sindano, na aliporudiwa na fahamu sawasawa alimkuta daktari wa wodi, dada mwembamba mwenye miwani, akikishika kile kitambaa cha gauni kilichogandiwa na unga wa kahawia.

"Ulikuwa unakunywa nini?" daktari alimwuliza.

"Mizizi."

"Mizizi huwa haifanyi hivi." Daktari alivuta kiti, akamweleza taratibu. Ndani ya ule unga kulikuwa na dawa ya viwandani, kali, ya kutuliza uvimbe, aliyoijua kwa uso wa mviringo na ngozi ya madoa hata kabla ya vipimo. Mwili ukipewa dawa hiyo kila siku kwa miezi, unaacha kutengeneza ya kwake. "Ukikatiwa ghafla, mwili unabaki hauna kitu. Hiyo ndiyo iliyokuangusha. Sasa nitakupa vidonge vya namna hiyohiyo, tutapunguza kidogokidogo mpaka mwili uzinduke. Usiruke hata siku moja. Umenielewa?"

"Na wenzangu wanaokunywa?"

"Wasiache wenyewe. Waje hapa kwanza."

Daktari aliandika taarifa kama kazi yake ilivyomtaka. Wakaguzi wa dawa walipima unga, wakaenda kulifunga lile ghala kwa minyororo na lakiri, wakapigwa picha mbele yake. Hakuna aliyefikiria kwamba nyuma ya kila kopo lililozuiwa kulikuwa na mtu mwenye kijiko mkononi, anangoja asubuhi.

Fundi alifikiria. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, miguu ingali dhaifu, alipita nyumba kwa nyumba. Alianza na mama wa genge.

"Jirani, usiache ghafla. Nenda hospitali, waambie ulikuwa unakunywa Nyoosha, watakupa cha kukushikilia."

Mama wa genge alikuwa anapanga nyanya, hakuacha. "Juzi ulipanda jukwaani kutuonyesha tusiiache. Leo unasema ni sumu, ila pia tusiiache. Una ndimi ngapi, Fundi?"

"Sikusema mimi yale."

"Na waliofunga ghala, ni nani aliyewaita? Si wewe?"

Hilo likasambaa kuliko onyo lake. Wengine walikwenda hospitali kwa siri, wakapona kwa siri. Wengi walikaa ndani wakitapika na kumlaani. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Kwa mama mkwe alikwenda zaidi ya mara moja, na kila mara Wifi alisimama kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Mama amelala."

"Mwamshe. Au niambie anakunywa bado?"

"Mama yangu hakosi kitu nyumbani kwangu."

Kweli, kulikuwa na makopo yaliyofichwa chini ya kitanda. Ila bei ya kopo moja sasa ilikuwa imepaa mno, na wanunuzi walikuja kwa mlango wa nyuma, na Wifi alikuwa Wifi. Kijiko cha mama yake kikawa nusu. Nusu ikawa robo. Kopo la mwisho aliliuza akijiambia kwamba mama ameshapona magoti, wa nini tena kumjaza dawa.

Ikawa asubuhi, Fundi yuko mashineni. Mumewe alikuwa amekwenda kupaka nyumba mtaa wa tatu. Fundi alikuwa na gauni moja tu la kushona, la mwalimu mmoja wa mbali ambaye hakujua habari za mtaani, na alikuwa anaweka kola. Mlangoni kikaingia kivuli. Alikuwa Wifi, bila mtandio, nywele zimesimama.

"Wifi, naomba vile vidonge vyako."

Fundi hakuinua kichwa. "Vipi mama?"

"Mama hainuki. Anatapika tangu alfajiri. Mwili wa baridi."

Hakuna mtu katika mtaa ule aliyejua maana ya maneno hayo kuliko Fundi. Alijua jasho lile. Alijua ule mmwagiko. Vidonge vilikuwa kwenye mtoto wa meza, pamoja na vifungo, karibu kiasi cha kunyoosha mkono.

"Ngoja nimalize kola," alisema.

Akakanyaga mashine. Wifi alisimama. Hakuwa amezoea kusimama kwenye chumba cha mtu. Alibadilisha mguu, akashika ukingo wa meza, akauachia. Fundi alizungusha kola yote, polepole, mshono juu ya mshono, akakata uzi, akaitandaza juu ya goti na kuitazama. Ilikuwa imekaa sawasawa. Akachukua kisu cha kufumulia, akaifumua yote. Akaishona tena.

Ilimpendeza. Hilo hakulificha kwa nafsi yake, wala wakati ule wala baadaye. Kumwona yule mwanamke amesimama, midomo imemkauka, kulimpa raha aliyokuwa hajaipata tangu vidole vyake vilipoanza kuuma.

Alipomaliza alisimama, akatoa vidonge. "Twende. Atameza hivi, halafu tunampeleka hospitali."

"Nipe tu vidonge."

"Anatapika, vidonge havitakaa. Anahitaji sindano."

"Hospitali watauliza unga alipata kwa nani." Wifi alinong'ona sasa. "Wananitafuta. Unataka nifungwe?"

"Nataka mama apone."

"Nipe vidonge, wifi."

"Hospitali."

Wifi alimtazama kwa chuki ya wazi, ile ambayo kwa miaka yote alikuwa ameifunika kwa kucheka, akatoka. Fundi naye akatoka, upande wa pili, akatembea kwa kasi iliyowezekana na miguu ile, akamkuta mumewe juu ya ngazi. Mara hii mpaka rangi hakuuliza kitu. Alishuka na rangi mikononi, wakapata gari la kukodi la mizigo, wakaenda.

Mlango wa Wifi ulikuwa umefungwa kwa ndani. "Mama amelala," sauti ikawajibu. Mpaka rangi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akivunja hata kikombe, aliupiga mlango kwa bega mpaka bawaba zikang'oka.

Bibi alikuwa kitandani, rangi ya majivu, nguo imelowa. Alimtambua mwanawe. Akamwambia kitu kimoja tu, akijitahidi kila neno: "Msimpeleke dada yako polisi." Wakambeba. Alikata roho kwenye mlango wa hospitali, juu ya kitanda cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilikuwa linagoma kugeuka.

Daktari mwenye miwani alimfunika. "Alikuwa hivi tangu lini?"

"Alfajiri," Fundi alisema.

Daktari alitazama saa ya ukutani. Hakuwa mtu wa kulaumu watu, kwa hiyo aliandika saa kwenye fomu.

Msibani watu walikaa uani kwa Wifi, kwenye viti vya kukodi. Walizungumza chinichini kwamba marehemu aliuawa na waliofunga ghala, na kila aliyesema hivyo alimtupia Fundi jicho. Yeye alikaa na wanawake wengine. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Wifi alipotoka ndani ameshikiliwa huku na huku, alisubiri mpaka uani pote pakatulia, akamgeukia kaka yake.

"Mwulize mkeo," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikwenda kwake asubuhi. Nilisimama mbele yake nikamwambia mama hainuki. Akaniambia ngoja nimalize kola. Akaishona. Akaifumua. Akaishona tena. Vidonge viko mezani pake."

Mtu mmoja akasema, "Uongo." Alikuwa mama wa genge, na alisema hivyo kwa sababu mambo hayo yalikuwa makubwa hata kwake.

Mpaka rangi alimtazama mkewe. Kucha zake bado zilikuwa na rangi ya ile nyumba. "Ni kweli?"

Fundi angeweza kusema mengine, na yote yangekuwa kweli: nani aliyepunguza kijiko, nani aliyeuza kopo la mwisho, nani aliyefunga mlango kwa ndani. Watu wangesikia. Lakini hakuulizwa hayo.

"Kweli," alisema.

Mume hakumpigia kelele. Alisema atalala kwa dada yake kwa kuwa kuna wageni wa msiba wa kupokea. Wageni wakaondoka, yeye hakurudi. Siku moja Fundi alikuta brashi na makopo ya rangi yameondolewa uani, na sehemu yalipokuwa yakikaa imefagiliwa vizuri.

Mwalimu alikuja kuchukua gauni lake. Alilijaribu mbele ya kioo, akageuza shingo huku na huku. "Kola imekaa," alisema. "Nitawaleta na wenzangu." Fundi alimkunjia, akamtilia kwenye mfuko.

Wifi hakukamatwa. Wakaguzi walipata wengine wa kupigwa nao picha, na mwaka haukwisha akawa anauza maji ya mitishamba kwenye chupa, kwa jina jingine, safari hii si kwa mitaa, ni kwa yeyote anayekuja. Fundi aliendelea na kliniki, kwenye lile benchi la kutwa. Vidonge vilipunguzwa mpaka vikaisha, mwili ukasimama wenyewe, ila vidole vilibaki nusu vimepinda, na sasa hushona mapazia na mashuka, mishono iliyonyooka isiyohitaji ustadi. Wanawake wa mtaani hukutana naye kwenye benchi lile. Husogea kumpa nafasi, kisha huendelea kuzungumza wao kwa wao.

Mara moja akitoka huko alimkuta mpaka rangi juu ya ngazi, anapaka bango la duka jipya la dada yake. Alikuwa ameshamaliza herufi za kwanza, nyekundu, nzuri. Fundi alisimama chini. Mume akamwona, brashi ikabaki hewani.

"Vidole?" mume aliuliza.

"Vinakwenda."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta brashi kwenye ukingo wa kopo. "Pita upande ule," alisema mwishowe. "Rangi inadondoka."

Fundi akapita upande ule.